Makovu Chini ya Kitambaa cha Tahani

Buyenzi, Avenyu ya 14,
Bujumbura,
5 Aprili 2025.

Mpendwa mdogo wangu Saidati,

Asalaam alaykum. Huko Maskati unaamkaje? Ule mgongo umepoa? Bosi wako anakuacha hata kidogo upumzike? Sisi tupo, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka, sikufichi.

Ningekupigia simu, lakini ukilia mbele ya bosi nitakuwa nimekuharibia kazi. Nimempa Khaled, anayesafiri kesho kuja huko, barua hii akuletee. Kaa chini uisome.

Unajua kabla ya Idi wasichana wote wa ukoo nawasuka mimi, hapa uani. Binti yako Tahani alikuja kutoka kwa kaka na kitambaa kichwani. Mke wa kaka Hamimu alituma neno kwamba asisukwe, ana mapunye. Mimi mapunye nimeyaona mengi, nikafungua. Makovu matatu kwenye kisogo, moja bado bichi.

"Nilianguka, mama mukubwa."

Nikamuuliza: mara tatu, kwa kisogo? Akaniomba nisimwambie mtu, asije akanyimwa chakula tena. Hilo "tena" ndilo linalonimaliza, Saidati.

Tangu uondoke nilikuwa namsifu: mtoto ana adabu, haombi, haongei. Kumbe anaogopa. Shule hajaenda tangu Januari, anafua na kubeba watoto wao. Na kwa kaka si mbali, naenda kwa miguu! Nisamehe.

Sikumrudisha Tahani kwao, kaka akaja amewaka. "We Radhia, we hukuchapwa? Si umekuwa mutu?" Nikamwambia nilichapwa, na wangu nimewachapa, Mungu anisamehe, lakini mtoto wa mtu sijamlaza njaa. Akaniita mwizi wa watoto, majirani wanasikia.

Dispanseri walimsafisha kidonda, wakaandika karatasi, nikaipeleka kwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu. Ijumaa ijayo baada ya swala wazee wa ukoo wanakaa. Kaka atasema wewe ndiye uliyemkabidhi Tahani, na ni kweli. Kwa hiyo nitumie sauti kwa simu, useme mwenyewe kwamba abaki kwangu. Usiseme "mtakavyoona nyinyi". Nakujua unavyomwogopa kaka.

Mama anakusalimu sana, na mwanangu Faris pia. Khaled atakuambia mengine. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe mzima.

Tahani naye ameniuliza, Ijumaa afungashe nguo zake kabla ya swala au baada. Nimemjibu hafungashi kitu. Usinifanye mwongo, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Radhia