Ukurasa wa Mwisho wa Toleo la Saba

Ijumaa, mchana. Kibiti.

Mvua ilianza alfajiri na sasa yamebaki manyunyu. Nimefunga duka mapema kwa ajili ya sala, na sijalifungua tena. Nimekaa kwenye chumba cha kompyuta karibu na stendi, mashine ya tatu, ile ambayo herufi M imefutika kwa kuguswa. Jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Nina hasira na nina haya, na sijui nianze na ipi.

Wachache mnaopita kwenye blogu hii mnaujua ugonjwa wangu. Kwa asiyejua: nauza madaftari na kalamu, lakini nyumbani nakusanya magazeti ya katuni ya zamani. Hasa Mbavu Sina. Lilianza kutoka miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kuchapa magazeti yao, mitumba ikaanza kushuka kwa marobota na maduka yakajaa sabuni za kila rangi. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori la Dar na Lindi. Akipita Kibiti ananiachia toleo moja, limekunjwa mara mbili, linanuka dizeli. Nilikuwa darasa la sita. Leo ninayo matoleo thelathini na moja, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, kwenye sanduku la bati lenye majani makavu ya mwarobaini ili mende wasisogee.

Ninalo na daftari la bei. Kila nikienda Dar kuchukua mali napita kwa wauza vitabu wanaotandika chini, nauliza, naandika. Toleo la kumi na mbili lisilo na jalada, mia tano. Lenye jalada, elfu mbili. Mwaka uliofuata, elfu tatu na nusu. Mume niliyekuwa naye alikuwa akisema nafuatilia bei ya karatasi kuukuu kama wenzangu wanavyofuatilia bei ya korosho. Katika mengi aliyoyasema, hilo hakukosea.

Toleo la saba ndilo lililonitesa. Nililisoma mara moja tu utotoni, la kuazima, kisha halikuonekana tena. Wauzaji wanasema mzigo wake ulilowa ghalani kabla haujasambazwa. Sijui kama ni kweli. Nililipata mwaka juzi Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji, nilikokwenda kumzika shangazi. Mke wa mkata mikoko mmoja alikuwa amelitandika chini ya kisanduku cha mishipi na ndoana. Nilimwomba, akaniangalia kama mtu aliyechanganywa na msiba. Nilimpa madaftari mawili na kalamu. Ndani ya boti nililifunga tumboni, chini ya kanga mbili, na kila maji yaliporuka nilijikunja kama mwenye kuumwa tumbo.

Mwezi uliopita nikapata barua pepe kutoka Nairobi. Mtu mmoja mkusanyaji mwenzangu alikuwa ameiona orodha yangu humu. Alikuwa akilitafuta toleo la saba kwa miaka. Akasema kama kurasa zote zipo, pini hazijapata kutu na hakuna maandishi ya kalamu, atalinunua kwa laki mbili na nusu za kwetu.

Niliisoma ile barua mara tatu, nikalipia nusu saa nyingine nikaisoma tena.

Nyumba ya mama yangu kule Umwe inavuja. Paa ni la nyasi, limechoka, na masika haya amelala akihamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe. Siku ileile nilimpelekea salamu kwamba mabati yanakuja. Mama hakukaa na habari hiyo, aliieneza. Wiki iliyofuata nilipokwenda, majirani walinipongeza njiani.

Kama ningeuza siku ile nikanyamaza, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Niwaeleze kuhusu mchoraji. Hadithi kubwa ya Mbavu Sina ilikuwa ya Fundi Mshale, fundi saa wa kibandani, na aliyeichora alitia alama ya unyoya mdogo pembeni, basi. Hakuna aliyejua jina lake. Mimi nilimjua kwa mikono: watu wake wote, wakishika kitu, kidole kidogo kinasimama pembeni peke yake. Akishika kikombe, akishika nyundo, hivyo hivyo.

Majuma matatu yaliyopita kinyozi wa karibu na soko alichoresha upya ukuta wake. Mwanamume ameshika kitana, kidole kidogo kimesimama. Nilisimama pale na baiskeli yangu mpaka kinyozi akaniuliza kama nataka kunyoa.

Aliyechora ni Mzee Shamte. Mzee Shamte ambaye nimemuuzia penseli na rula kwa miaka minne, mchora vibao, aliyepaka nusu ya kuta za Kibiti rangi za soda na za simu kabla mabango ya plastiki hayajaanza kuletwa yamechapwa tayari kutoka Dar. Nilipomwendea kumuuliza, alikiri kama mtu anayeulizwa kama amewahi kuugua surua. "Ndiyo, nilichora kidogo kule mjini. Nikachoka, nikarudi."

Sasa hapa ndipo penye haya yangu. Furaha ya kumpata ilidumu njia ya kutoka kwake hadi stendi. Nilifika nikamwandikia mtu wa Nairobi nikamuuliza: likiwa na sahihi ya mchoraji mwenyewe je? Akajibu ataongeza elfu hamsini.

Jumanne nikalibeba toleo la saba kwenda kwa Mzee Shamte.

Alilipokea kwa mikono miwili. Alilifungua taratibu, akacheka peke yake kwenye kurasa za mwanzo, kisha akafika mwisho akalifunga. Nilimwomba sahihi, ndogo tu, kwa penseli, kwenye jalada. Akasema penseli yake imekwisha, atachonga nyingine. Mara mvua ikashuka, ile ya kutoona hatua tatu mbele. Nina baiskeli, na plastiki moja ya kufunika.

"Kiache hapa, mwanangu," akasema. "Mvua hii itakuharibia kitabu chako. Kesho utakikuta kikavu."

Nikakiacha. Nilidhani nakilinda.

Jumatano asubuhi alinikabidhi kimefungwa kwenye kitambaa safi. Sahihi ilikuwepo, jina lake kamili na unyoya, nzuri sana. Nikageuza kurasa kukagua pini. Nikafika ukurasa wa mwisho.

Ukurasa wa mwisho wa toleo la saba ni harusi. Hadithi nzima Fundi Mshale anampenda Riziki, mteja wake, mwenye saa ndogo ya kike ya kutiwa ufunguo, inayokufa kila mwezi. Hathubutu kusema. Kisha ghafla anashinda bahati nasibu, na kwenye ukurasa wa mwisho wako kwenye hoteli, keki ya ghorofa tatu, tarumbeta, Riziki amevaa shela. Nilipokuwa darasa la sita niliuangalia ukurasa ule mpaka aliyeniazima akalidai kwa ukali.

Harusi haikuwepo. Mzee Shamte alikuwa ameupaka ukurasa wote rangi nyeupe, ile ya vibao, na juu yake amechora picha nne mpya kwa wino mweusi.

Sikuzisoma. Niliona rangi tu.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimerekebisha," akasema. "Ule ukurasa si wangu. Mimi nilipeleka mwisho mwingine. Mwenye gazeti akasema wasomaji wanataka harusi, akampa mtu mwingine achore, akaacha alama yangu pembeni kana kwamba ni kazi yangu."

"Hukuniuliza."

"Nao hawakuniuliza mie."

"Lakini si mimi niliyekufanyia hivyo."

Alishika kitambaa kile akawa anakikunja, anakikunjua. Nikamwambia bei. Sikutaka kumwambia, ilitoka tu: laki tatu, na ya nini, na mama, na kitanda kinachohama. Nilimwona akikaa kwenye kigoda polepole. Akasema atanipakia rangi duka langu lote, ndani na nje, bure, na herufi zenye kivuli. Nikasema sitaki, nikaondoka bila kuaga. Mtu wa umri wa baba yangu. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

Nilimwandikia mtu wa Nairobi ukweli wote. Niliwaza kumficha, nimtumie tu picha ya jalada na sahihi, lakini mkono ulikataa. Jibu lilikuja jana. Aliandika kwa adabu. Kwa hali hiyo halimfai. Ila rangi ya vibao, akasema, mara nyingine hutoka kwa pamba na spiriti, kwa uvumilivu mkubwa, na chini yake huenda chapa imesalimika. Nikifanikiwa, bei yake iko palepale.

Palepale.

Nesi ninayepakana naye akanipa spiriti robo chupa na pamba, hakuniuliza ya nini. Jana alasiri nilitandika mkeka sebuleni, nikajaribu pembeni kabisa, mahali padogo kuliko ukucha. Rangi ikalegea. Chini yake nikaona kipande cha zulia jekundu la hoteli. Ilikuwa inawezekana.

Nikajiambia, kabla sijaendelea, walau nisome ninachokifuta.

Picha ya kwanza: Fundi Mshale kibandani, amezeeka, miwani. Mwanamume nadhifu amesimama mbele yake na saa ndogo ya kike. Ya pili, yule mwanamume anasema, "Ni ya mke wangu, Riziki. Amesema niitupe, nimeona nijaribu kwako kwanza." Ya tatu haina maneno. Fundi ameifungua saa na anatazama ndani, na sisi tunamwona uso kwa karibu. Sijui mtu anawezaje kuchora uso ule kwa brashi ya kuandikia vibao. Ya nne, anairudisha. "Hii haikuharibika," anasema. "Haikutiwa ufunguo tu."

Nilikaa na ile pamba mkononi mpaka ikakauka.

Ninachotaka kukiri humu ni kwamba sikuguswa nikaacha kukasirika. Niliguswa, na hasira ikabaki. Haki ya Mzee Shamte naiona. Ila naona vilevile kwamba ile harusi ilikuwa yangu kwa namna fulani, niliibeba miaka yote hii, na yeye ameipaka rangi usiku mmoja bila hata kubisha hodi. Nimejaribu kuamua nani mwenye hadithi, aliyeichora au aliyeitoa chini ya kisanduku cha ndoana, na kila nikiamua naona upande wa pili.

Leo kabla ya sala alikuja dukani. Nilikuwa peke yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba penseli moja. Nilimpa. Hakuondoka.

"Umeisoma?" akauliza, akitazama penseli.

"Nimeisoma."

"Je?"

Ningeweza kumpa maneno mazuri. Alikuwa ameyafuata, nadhani, kutoka kwake hadi kwangu kwenye matope yale. Nikasema kweli. "Mimi niliipenda harusi, mzee."

"Hata mimi niliipenda," akasema. "Yule kijana alijua kuchora. Ndiyo maana ilinikera miaka yote."

Akalipa penseli. Mlangoni akageuka akasema mvua ikikatika wiki ijayo atakuja kuanza na mbao za nje, nikitaka nisitake, na mimi nichague rangi. Baadaye nilijikuta natazama ukuta wangu na kuwaza bluu.

Spiriti nimemrudishia nesi. Nimelirudisha toleo la saba kwenye mfuko wake. Nikiuza matoleo matano mengine, yale yenye majalada, kwa bei ya Nairobi, huenda nikapata mabati sita au saba. Yatafunika upande wa kitanda. Mengine, Mungu akipenda, msimu ujao. Nimeshamwandikia mtu wa Nairobi kumuuliza kama anayataka.

Kilichobaki ni kumwambia mama. Kesho asubuhi nitapanda basi la Ikwiriri, kisha nitembee hadi Umwe, nikapite mbele ya majirani walionipongeza. Mama ataniuliza kwa nini, na sitaki kumtungia uongo juu ya mteja aliyeghairi. Hajui kusoma vizuri, lakini hadithi anazisikiliza mpaka mwisho, na huwa hasamehi mwisho mbaya.

Nitakwenda na toleo la saba. Nitaketi naye pale pasipovuja, nitamsomea ukurasa kwa ukurasa, na nitamwacha aamue mwenyewe kama mwisho ule ulistahili mabati yake.