Suti Niliyokataa Kupewa

Muhoroni, Jumapili

Dada Wakesho,

Nakusalimia wewe na wote hapo nyumbani Wundanyi. Goti la mama linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mwili ni mzima. Msimu huu miwa ni mingi, matrekta yamepanga foleni hadi barabarani, nami nashinda kwenye mizani nikiandika uzito. Kinachoniuma ni moyo, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningepandisha sauti.

Unakumbuka niliahidi kununua suti mpya ya harusi ya Mghoi, kwa kuwa baba hayupo na ni mimi nitakayempeleka mdogo wetu madhabahuni. Siku ya mapumziko nikaenda Kisumu, nimevaa shati safi, hadi kwenye duka moja kubwa la nguo. Kabla sijapanda ngazi, askari wa mlangoni akanyoosha rungu mbele yangu.

“Mzee, leo si Ijumaa,” akasema. “Kuja Ijumaa, ndio wanapeana.”

Ijumaa ndiyo siku ambayo maduka mengi mjini hugawa sadaka. Alikuwa ameona magongo yangu, dada, basi. Nikamwambia nimekuja kununua suti. Akamwita meneja, kijana mwenye tai.

“Wewe nenda kando kidogo,” meneja akasema. “Unazuia wateja.”

“Mimi pia ni mteja.”

“Nimesema nenda kando.”

Watu wakapita pembeni yangu, wengine wakiangalia chini. Tangu polio inichukue mguu utotoni nimeitwa majina mengi, lakini sikuwahi kufukuzwa mahali nilipokwenda na jasho langu mfukoni. Nilirudi Muhoroni bila suti, na chakula cha jioni kikanishinda.

Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwa wakili, mama mmoja anayesaidia watu bila malipo. Alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akanieleza kwamba Katiba haiikatazi serikali peke yake kubagua watu. Inamkataza hata mwenye duka. Duka likishafunguliwa kwa umma, haliwezi kumkataa mteja kwa sababu ya ulemavu wake. Akawaandikia.

Jibu lao ndilo lililonichoma zaidi. Walisema watanipa suti bure, mradi nikubali kupigwa picha nikiipokea, waiweke kwenye ukurasa wao mtandaoni. Yaani walininyima kununua, sasa wanataka niwashukuru kwa msaada. Nikakataa. Wakili akafungua kesi, na mahakama ikatupeleka kwanza kwa mpatanishi.

Huko meneja akadai kosa lilikuwa la askari. Askari mwenyewe, baba mmoja aitwaye Ochieng, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Akasimama.

“Ni wewe uliniambia watu wa magongo wabaki nje,” akamwambia. “Ukisema ni mimi, unadanganya.”

Meneja akaanza kuomba radhi, nikasema sitaki radhi ya chumbani. Aje aiseme mlangoni, mchana, pale aliponifukuza. Wakakubali, na wakakubali pia kujenga njia ya mteremko kando ya zile ngazi.

Alhamisi akaisema, sauti chini, watu wakiingia na kutoka. Kisha akaninyooshea mkono. Sheria ilimlazimu kuomba radhi, dada, lakini haikunilazimu mimi kuushika mkono ule. Nikauacha hapo hewani, nikaondoka.

Ochieng sikumwona. Wamemfuta kazi kwa kusema ukweli, na meneja bado yuko pale na tai yake. Wakili anasema hilo nalo lina sheria yake, na Ochieng amekubali kwenda kumwona. Lakini mtu ana watoto, na kesi haiwalishi. Ile furaha niliyodhani ningeipata haikuja.

Suti ananishonea fundi wa hapa hapa Muhoroni. Juzi nimeijaribu.

Nisalimie shemeji, mama mdogo anayetutunzia mama, Mghoi na mchumba wake, na yule jirani yetu mwalimu mstaafu. Ukimsomea mama barua hii, ruka yote ya Kisumu. Msomee ya suti tu: ni ya kijivu, na imenikaa sawa mabegani.

Ndimi mdogo wako,
Mwakio