Stroberi ya Térence Iliyobaki Shambani Kwako

Kijiji cha Simbo,
S.L.P. Kigoma.
Jumapili, 11 Januari 1998

Mpendwa mwanangu Anatoli,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako ilinifikia Jumanne pamoja na barua, nikaipokea kwa mikono miwili. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi ya Mufindi? Umeandika "sijambo" mara tatu katika ukurasa mmoja, na mtu mzima kweli hasemi mara tatu. Kama unakohoa niambie mama yako. Na lile sweta la bluu ulivae, usilitundike.

Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Ni goti langu la kushoto tu, mvua ikikaribia linanijulisha kabla ya mawingu. Mdogo wako Wema sasa yuko darasa la sita, ndiye anayenisahihishia herufi hapa, kwa hiyo ukiona maneno yamenyooka ujue si mimi. Nimemwonya asiongeze la kwake.

Bahasha yako ilifika imegandishwa kwa uji. Wewe uligandisha kwa uji? Kama si wewe, basi yuko mtu kati ya huko na huku anayesoma habari zetu. Hii yangu naishona kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi wa rangi nyingine, niandikie upesi.

Sasa swali lako. Umeuliza kama ni kweli mkimbizi ameota mizizi katika kile kipande chako cha kando ya mto Luiche, na kama heri ukiuze. Aliyekupelekea maneno hayo namdhania, ila simtaji. Nitakueleza yote tangu mwanzo, na barua hii usiitupe wala usifungie maandazi. Nitakwambia kwa nini.

Wewe ulikuwa umeondoka wiki moja tu walipofika, Térence na mkewe Vénérande, mwisho wa ule mwaka wa tisini na tatu, vita vilipowatoa kwao Burundi. Walishuka Kagunga, wakaja kwa boti mpaka Ujiji, kisha kwa miguu mpaka kwetu. Wenzao walibeba masufuria na magodoro. Huyu alibeba bakuli la bati, ndani kuna miche imefungwa kitambaa kibichi. Nikasema moyoni, mtu anayekimbia risasi na majani mkononi, huyo ana lake jambo.

Kipande chako ulikiacha kimelala, magugu yanafika kiunoni. Nikawapa kona ya chini, kwa mdomo tu, bila karatasi. Usinikasirikie. Mwanamke alikuwa na miguu imevimba, nisingeweza kumpita.

Ile miche ilikuwa ya stroberi. Vénérande huziita inkeri kwa Kirundi. Térence alikuwa mtunza bustani wa misheni huko Bugarama, milimani kwenye baridi. Huku kwetu miche yake ikatoa majani tu, jua likayachoma. Mwingine angepanda muhogo akatulia. Yeye akaenda Bangwe kwa mjane wa mtu wa reli, akapata stroberi nyingine, ndogo kama punje ya mahindi, chachu kama ukwaju, lakini joto halizisumbui. Basi hapo ndipo akaanza mambo yake.

Ua la ile ya milimani likiwa bado limefumba, analifungua kwa mwiba wa mlimau, anang'oa vile vijiti vya unga vilivyo ndani, kimoja kimoja. Kesho yake analipaka unga wa ua la ile ya Bangwe kwa unyoya wa kuku. Halafu analivika kifuko cha chandarua, analifunga uzi. Ukitazama, shamba zima lina vifuko vyeupe vinaning'inia. Mwanangu, nani angeona vile asiseme ni hirizi? Nilijificha nyuma ya migomba siku mbili nisikie anatamka nini. Hakutamka kitu, ila mara moja alipiga chafya, akaliomba ua radhi.

Siku ya tatu nikajitokeza. Nikamwuliza, "Baba, unafanya nini hapo?"

"Ninaoza, Mama. Huyu wa baridi ndiye mke, wa Bangwe ndiye mume."

"Na mahari alipokea nani?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Mimi sikucheka. Kucheka ni njia ya kutojibu.

Tunda lilipoiva alibandua zile mbegu ndogo zilizo juu ya ngozi yake, akazianika kwenye gazeti, akazimwaga katika karai lenye udongo laini. Ikaota miche mia moja na kumi na miwili, na kila mche akauwekea kijiti chenye namba. Baba mmoja mama mmoja, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Kisha akaanza kuing'oa! Mche una matunda mekundu ya kupendeza, yeye anang'oa, anatupa. Namba themanini niliuokota jalalani mwenyewe nikala, mtamu. Nikamfuata. Akasema, "Huo una maji tu, Mama, siku ya pili tunda linalia." Nikaondoka nikiwaza, huyu anatupa vizuri mchana ili tusione anachoficha.

Kufika kiangazi kilichopita ulibaki mmoja tu, namba arobaini na saba.

Anatoli, sasa soma taratibu, maana haya ndiyo ninayotaka uyahifadhi. Jani lake lina vipande vitatu kama stroberi zote, lakini limekunjamana, lina rangi ya kijani ya giza, na upande wa chini lina manyoya meupe ukilipapasa kama sikio la mbuzi. Shina la tunda ni fupi na gumu, linaliinua tunda lisiguse udongo, kwa hiyo konokono hawalifikii. Tunda ni refu kidogo, kama kidole gumba cha mtoto, na shingo haina mbegu. Haliwi jekundu. Likiiva kabisa linakuwa la rangi ya fizi, ukisubiri wekundu litakuozea. Ukiling'ata ndani ni jeupe. Harufu yake ni ya pera lililoiva, unaisikia kabla hujaliona. Utamu unakuja kwanza, uchachu baadaye, karibu na koo. Na linazaa mwezi wa tisa, jua likiwa kali hata mbwa hawatoki kivulini. Ukikuta popote duniani tunda la namna hiyo lina jina la mtu mwingine, wewe toa barua hii.

Nasema hivyo kwa sababu alikuja bwana shamba mmoja na baiskeli, akapima kwa rula, akaandika, akauliza, "Mwenye aina hii ni nani?" Térence akajibu, "Haijawa na mwenyewe, bado naiangalia." Jibu gani hilo? Mtu amehangaika na kitu miaka mitatu halafu hasemi ni changu? Nikajua wamekwisha kukubaliana mahali, na shamba la mwanangu limo ndani ya makubaliano hayo.

Basi nikataka changu kabla hakijaondoka. Stroberi hutoa kamba zinazotambaa, na kwenye kamba huota kitoto chenye mizizi yake. Namba arobaini na saba ulikuwa na vitoto tisa. Nikaomba viwili. Wewe ni Muha, desturi yetu unaijua: marando hayanyimwi. Mtu akipita akakuomba marando ya viazi unamkatia, hata kama mmenuniana tangu Pasaka. Na mimi si mpita njia, mimi ndiye niliyempa pa kukanyaga. Akakataa! Alikataa kwa adabu, macho chini. "Ngoja masika yapite, Mama. Jua limeushindwa, mvua bado hatujaijua. Nikikupa mche ukaoza mwakani, nitakuwa nimekupa aibu yangu." Nikasema sawa. Moyoni nikasema, uchoyo umevaa shati safi.

Mwezi wa kumi Warundi wote wa kijijini waliitwa Ujiji kuandikishwa majina. Térence na Vénérande wakaenda. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, wakati ule ule wa kupanda viazi. Nikachukua kisu.

Sikwambii kwa kujisifu, nakwambia kwa sababu wewe ni mwanangu na Padri nimekwisha kumwambia. Nilikata kamba zote. Nikazipeleka nyumbani, nikazikata vipande vya shibiri, nikazizika kwenye tuta nyuma ya jiko, zikalala vizuri, udongo juu, kama nilivyofundishwa na mama yangu kupanda marando. Nikajisifu kwa jinsi tuta lilivyokaa. Baada ya wiki mbili nikafukua. Vitoto vyote tisa vilikuwa ute mweusi.

Térence aliporudi akauona mche umenyolewa. Aliuchuchumalia kitambo, akainuka, akaenda kuchota maji. Hakuniuliza. Hakumwuliza mtu yeyote. Na asiyeuliza, mwanangu, anajua. Nilikonda mwezi mzima nikingojea aseme, na kila aliponiamkia nilitafuta neno lililofichwa ndani ya ile shikamoo. Nikaanza hata kuogopa maji ya mtungi wake.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja likatoka tangazo kwamba Warundi wote wanaokaa vijijini wahamie kambini. Lori lilikuja Alhamisi. Asubuhi hiyo walikuja kuniaga, na askari amesimama barabarani anawangoja. Vénérande, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akaniuliza mbele ya watu, "Mama Anatoli, yale marando yaliota?"

"Marando gani?"

"Ya arobaini na saba."

"Vénérande, nyamaza," mumewe akamwambia.

"Ninyamaze nini? Miaka miwili nimelala na hiyo namba kitanda kimoja, leo nisiulize habari zake?"

Watu walicheka, hata askari. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Térence akanishika mkono, akanipeleka shambani kwenye ule mche. Akanionyesha pale katikati majani yanapochomoza. "Hapa ni moyo, Mama. Si kama kiazi. Mizizi inakaa chini, moyo unabaki juu ya udongo. Ukifunikwa unaoza." Akasema hawezi kuung'oa, umedhoofika tangu ulipokatwa, utakufa njiani. "Nakuachia wewe." Hakutaja kisu. Akapanda lori, na daftari lake la maelezo kwapani.

Anatoli, sikulala vizuri. Mtu anakuachia mali yake ya pekee baada ya kumwibia, anataka nini kwako? Kesho yake niliteremka nikapekua ile kona yote. Nilifikiri lazima amezika mingine mahali, au amebeba iliyo bora na kuniachia kapi. Nilifukua mpaka chini ya jiwe lao la kusagia. Hakuna. Alikuwa na mmoja tu, na huo ndio alionipa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mlinzi. Nimeuzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi wa mwenyekiti wetu, Mzee Feliksi, ambao nina hakika hawapotei njia bali wanatumwa. Bwana shamba amerudi mara mbili akitaka kitoto. Nimemwambia bado naiangalia, akaondoka amevimba. Na kweli naiangalia. Mvua ya Krismasi ilipiga siku tisa, na mimi kila asubuhi nageuza majani kutafuta madoa, nachora alama ya mkaa ukutani: safi, safi, doa moja, safi. Mche umetoa kamba tatu. Kitoto kimoja kilioza, nakiri. Viwili vimeshika udongo, na mioyo yake iko juu, niliipima kwa kidole.

Kwa hiyo shamba lako, jibu ni hili: usiuze, na huyo anayekuandikia umwambie aniulize mimi.

Vile vitoto viwili nimevihamishia kwenye kikombe kikubwa. Mfanyabiashara Selestini anayepeleka dagaa Kasulu amejitolea kuvifikisha kambini. Kwa nini ajitolee? Sikumpa. Dereva wa misheni naye ni mtu mzuri, lakini hufungua vifurushi. Siamini mkono wa mtu. Nitakwenda mwenyewe Alhamisi, nipande gari pale Mwanga mjini Kigoma na kikombe mapajani. Mzee Feliksi aliniandikia barua ya kibali huku akinitazama kwa jicho la pembeni: "Mama Anatoli, unafuata nini kambini?" Nikamjibu, "Napeleka marando."

Askari wa lango siwaogopi. Namwogopa Térence akiniangalia. Lakini nitampa kikombe kwanza, ashike, halafu nimwambie kwa mdomo wangu kwamba mkono uliokata ulikuwa wangu. Anajua. Ila hajalisikia kwangu, na mimi nimechoka kuwa mtu wa kujulikana tu.

Wema anakusalimu, anataka kalamu ya wino. Shangazi yako Verediana wa Bangwe anakusalimu na anauliza huyo msichana wa Njombe ni wa ukoo gani. Mimi sikuuliza, lakini jibu nitalisoma. Nisalimie wote mnaokaa nao chumba kimoja, hasa yule anayekupikia ukiumwa.

Mungu akufunike kwa mkono wake, akuepushe na mashine za kiwandani na marafiki wa mshahara. Niombee safari ya Alhamisi.

Ni mimi mama yako nikupendaye kuliko unavyodhani,

Leonia