Kanga Niliyomfunika Mgeni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku Uingereza kwenye baridi, nikiomba barua hii ikukute umeamka salama, goti limekuacha upumue, na nguruwe hawajaimaliza mihogo yetu ya Kibuta. Sisi miili ni mizima. Moyo wangu ndio hautulii, na ndiyo sababu naandika. Shabani, wewe mdogo wangu unayesoma, usimkimbizie Mama maneno kama unakariri. Soma polepole, na watoto watoe nje kwanza.

Mama, mimba imefika mwezi wa tano. Baada ya miaka saba, na mbili zilizoharibika, Salumu hataki hata ninyanyue ndoo. Chuo chake kilipofunga wiki moja aliazima kigari cha mwenzake akasema, "Twende tukatembee pwani, mke wangu. Mzaramo gani anakaa mwaka mzima hajaona bahari?" Pwani yenyewe sasa! Maji ya kijivu, upepo unakata masikio, na badala ya mchanga kokoto tupu. Tukawa tunaendesha mji hadi mji, tukilala kwenye nyumba za akina mama wanaopangisha vyumba.

Siku ya kwanza mchana tulifika kijiji kinacholiwa na bahari. Sikutanii. Ufukwe wake ni genge refu la udongo, na kila mwaka linamomonyoka. Kanisa limebaki ukuta mmoja, na makaburi yako ukingoni kabisa. Tulikuwa tunateremka kwa njia ya miguu nikaona, usawa wa kiuno changu, mfupa wa mguu wa mtu umetokeza kwenye udongo, kama mtu anayetaka kushuka kitandani.

Nilishindwa kupita. Umetulea ukituambia maiti haachwi wazi, awe wa nani. Nikavua kanga niliyojitanda, ile uliyonipa siku ya kuondoka tukagawana doti, moja yangu moja yako. Salumu akasema, "Mwanahawa, acha! Huyo ana wenyewe."

"Wako wapi hao wenyewe? Mtu ni mtu," nikamjibu.

Mfupa ulitoka bila kuvutwa. Nikauviringisha, nikapanda nao juu, nikaufukia chini ya kichaka cha miiba kwa mikono yangu. Kina kilikuwa kifupi, sikuwa na jembe. Niliponyanyuka ndipo Salumu akaniuliza, "Ile kanga yako imeandikwaje?" Mama, unayakumbuka maneno yake: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Salumu alicheka mpaka akakohoa. "Umemkaribisha mwana wa watu!" Na mimi nikacheka. Astaghafirullah, nilicheka.

Asubuhi yake mama wa nyumba tuliyolala alitutengea chai. Sahani tatu, vikombe vitatu. Akasimama na birika mkononi, akauliza, "Mwenzenu hali?" Salumu akanigusa tumbo, akasema huyo mwenzetu anakula kupitia kwangu. Mama wa watu hakucheka. Alikitazama kile kiti cha tatu, akaondoa sahani taratibu.

Nikajifariji kwamba ni uzee. Lakini mchana tukasimama mji mwingine, kwenye kihoteli kando ya barabara, na binti wa pale akatuletea chai tatu. Safari hii niliuliza mwenyewe. Akasema, "Nimemwona akishuka kiti cha nyuma. Sasa amekwenda wapi na nguo zimelowa vile?" Salumu alitoka mbio hadi garini. Nikamfuata. Kiti cha nyuma, ambacho tangu tuondoke hakuna aliyekikalia, kilikuwa kimelowa chapa, na kokoto mbili juu yake. Salumu alifunga mlango polepole, vile mtu anavyofunga chumba chenye mgonjwa.

Siku ya tatu yeye ndiye aliyeanza. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Turudi tukamzike kwa heshima." Tukaazima sepetu, tukarudi kijiji kile. Ukungu ulikuwa mzito, tukaenda kwa kushikana mikono. Kichaka hakikuwepo. Ardhi yake haikuwepo. Mzee mmoja mwenye mbwa alituambia pande lile lilianguka jana asubuhi, saa ya chai. Salumu alisimama na sepetu lake begani, hana pa kuchimba. Ndipo mzee akatuambia, "Mwiteni ndugu yenu atoke ukingoni pale." Tukageuka. Hatukuona mtu, Mama, ila yule mbwa alikuwa akitikisa mkia kuelekea ukunguni.

Tumerudi nyumbani sasa siku ya tisa. Kila nikiandaa chai mkono wangu unashusha vikombe vitatu. Na mtoto aliyekuwa akinipiga mateke kutwa ametulia. Mkunga anasema moyo wake unadunda vizuri, nisiwe na hofu. Ninayo, Mama. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu.

Shabani, hapa soma mara mbili. Kaburi la Baba lilibaki kule shambani kwetu kwa zamani lori lilipotuhamishia kijiji cha ujamaa. Nilisafiri bila kulifagia wala kumuaga, nikisingizia haraka ya ndege. Hilo kosa nalijua. Mama, nenda kule. Chukua ile kanga yako, nusu ya doti yangu, yenye maneno yale yale. Ifukie kando ya Baba, kina kirefu, Shabani achimbe. Kisha mwambie, "Mwanahawa anakuaga, na amekuletea mgeni." Unamjua Baba. Hakuwahi kula peke yake. Akikosa mgeni alisimama njiani akaita wapita njia. Miaka hii yote yuko porini hana wa kumwamkia. Huenda wakafaana.

Nakuomba iwe kabla ya masika, kabla sijajifungua. Sitaki mwanangu aje akute mtu amekalia nafasi yake.

Nisalimie Shangazi, aliyenipokea mimi nilipozaliwa. Mwambie asinisahau kwenye swala zake. Nisalimie Mjomba fundi wa vitanda kule Mzenga. Mkwe wangu, mama yake Salumu, Shabani akipita Tangini amwambie tumetembea pwani tukafurahi, basi. Salumu anakuamkia, yuko nje anakausha kile kiti kwa mara ya nne.

Mimi mwanao unayenijua,
Mwanahawa

Tuko watatu, Mama. Tuombee tusiwe wanne.