Kopo la Maswali la Sista Benigna

Sista,

Shikamoo. Najua barua hii ikikufikia utatafuta kwanza kalamu nyekundu. Itafute tu. Nimeshavuka hamsini, nina miwani, na mwandiko wangu bado haujapona.

Tangu tulipokuzika pale juu ya bustani ya masista, kabichi zako tumezila sisi walimu. Utusamehe, zilikuwa tamu. Darasa lako la sayansi nimepewa mimi, Hemedi yuleyule uliyesema anafaa kuuza karoti sokoni kwa sababu mdomo anao. Na kopo la maziwa ya unga nimerithishwa, pamoja na lile tundu ulilotoboa kwenye mfuniko.

Unakumbuka ulivyolitumia? Kila Jumatatu tulitumbukiza maswali, ukachomoa moja. Ukishindwa, unaandika SIJUI kwenye kona ya ubao, kubwa, halafu unatia sahihi chini kama mkuu wa wilaya. Hakuna kufuta mpaka mtu alete jibu, hata kama ni kutoka kwa muuza njegere. Wewe mwenyewe ulishuka sokoni kuuliza, na Kishambaa chako chenye lafudhi ya Songea, kina mama wakacheka mpaka wakaegemea matenga.

Mimi nilidhani ni kazi rahisi. Herufi tano tu.

Basi Jumatatu moja nikachomoa swali la Zubeda, binti wa kidato cha pili: kwa nini mti wa plamu ukipandwa kule chini Mombo unatoa majani tu? Sista, sikujua. Lakini nilikuwa nimevaa tai mpya. Nikasema, "Ni udongo."

Zubeda akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Babu yangu alishusha udongo wa huku kwa magunia, akajaza shimo zima. Majani tu."

Darasa likacheka. Si kicheko kibaya, kile cha kawaida tu. Nami nikafoka, "Kaa chini! Babu yako ndiye mwalimu?"

Jumatatu iliyofuata kopo lilikuwa tupu. Na iliyofuata. Nililitikisa kama mwehu, nikaingiza kidole, kikakwama. Miaka yote ile wewe hukuwahi kulikuta tupu, mimi nimeliua kwa muhula mmoja. Usicheke. Au cheka, nilikuzoea ukicheka.

Nikawaza siku niliyokuuliza, nikiwa na umri kama wa Zubeda: "Sista, ulitaka kuwa nani kabla hujawa sista?" Wenzangu walishika vichwa. Baba yangu aliyekuwa akihofu utanibatiza (wewe uliyenihimiza nisichelewe sala ya Ijumaa!) angezimia. Wewe hukukasirika. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Niulize tena ukiota ndevu." Ndevu ziliota, Sista. Zimekuwa nyeupe. Tulikaa chumba kimoja cha walimu miaka kumi na nane, tukimenya mapeasi, na sikukuuliza. Niliona aibu. Mshona nguo? Dereva wa lori? Ulikuwa unatazama malori ya mboga kwa namna fulani.

Jumatatu iliyopita nikaingia darasani bila tai. Nikaandika SIJUI, kubwa, nikatia sahihi. J ikawa kama ndoano. Nikasema, "Zubeda, babu yako alikuwa sahihi, na mimi nilikosea. Nani ataniletea jibu?" Wakainamia madaftari yao. Nikatoka nikijua nimechelewa.

Alhamisi Zubeda akaja ofisini, viatu vina tope jekundu. Alikwenda mpaka Irente kumuuliza mkulima mmoja mzee. "Mwalimu, ni baridi. Mti wa plamu usipopata baridi ya kutosha hauzai, hata uuletee mlima mzima." Nikampa kifutio na chaki akafute SIJUI mwenyewe na kuandika jibu. Alifuta polepole, kwa raha zake.

Leo asubuhi nimefungua kopo. Kuna karatasi moja. Haina jina, ila mwandiko naufahamu: "Mwalimu, siku ile kwa nini ulikasirika?"

Hili jibu ninalo. "Niliogopa mtagundua mimi si Sista." Kesho nitawaambia hivyohivyo, na sitavaa tai.

Swali langu nalo nimeliandika ubaoni, chini kabisa, pembeni ya dirisha: Sista Benigna alitaka kuwa nani? SIJUI. Nimetia sahihi. Nakuahidi halifutwi, hata mkaguzi akija. Wewe pumzika, na ukisikia jina langu linaitwa huko, nisubiri mlangoni. Nitakuja na ndevu zangu kuuliza.

Mwanafunzi wako,
Hemedi