Shemeji, Paa Letu Linakungoja Wewe

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya Bwana Burale (zamani nyumba yetu),
Mowlem, Nairobi.
Jumapili, 15 Machi 2026.

Mpendwa Shemeji Gordon,

Pokea salamu zangu kwanza, halafu upokee hasira zangu, maana zote zimo humu. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua unaendeleaje? Na hiyo baridi ya Leeds imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Nakuombea afya njema, na hapo sifanyi mzaha. Huku sote tu wazima. Ndugu yako Willis anakohoa kidogo kwa vumbi la Joska. Ooko ameng'oka meno ya mbele na anajivunia pengo lake utadhani amelinunua. Adoyo hana ugonjwa wowote, ila mdomo tu.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu umezoea kunijibu kwa kidole gumba. Nakuandikia habari ndefu, yenye machozi ndani yake, unanirudishia kidole gumba! Safari hii barua inabebwa na Kathini, yule binti wa jirani yetu anayefanya kazi ya uuguzi huko kwenu. Alikuja likizo na anarudi kesho kutwa. Nimemwambia akupe mkononi, na asiondoke mpaka akuone umeanza kusoma. Kwa hivyo kaa chini, Shemeji.

Unajua kwamba tuliuza nyumba, lakini sidhani unajua kwa nini. Ulilala sebuleni kwetu ukingoja viza, kwa hivyo unakumbuka jua lilivyokuwa likiingia asubuhi. Lisahau hilo jua. Wamejenga magorofa ya kupangisha kushoto na kulia, nyumba yetu imebaki shimoni. Nguo hazikauki. Watoto wakitoka nje ni bodaboda, wakibaki ndani ni kung'oana nywele. Ndiyo maana tukakata shauri tuuze, tukajenge Joska kwenye kile kiwanja tulichonunua tukiwa bado wawili.

Kuuza nyumba ukiwa na watoto wadogo, jamani, ni adhabu. Dalali alikuwa akileta watu saa anayotaka yeye. Wanaingia na viatu, wanafungua makabati. Mmoja alifunua sufuria yangu ya maharagwe akachungulia. Maharagwe nayo yalikuwa yanauzwa? Siku moja Adoyo alimshika mkono mama mmoja mteja, akampeleka kwenye kona ya chumba cha kulala, akamwambia, "Mvua ikinyesha maji huingia hapa, na Baba huweka ndoo ya buluu." Yule mama akaaga. Dalali akanigeukia mbele ya mtoto, ati siku za wateja niwe nawaficha watoto. Niwafiche! Watoto wangu, ndani ya nyumba yao wenyewe! Nilimwonyesha mlango, na hajarudi hadi leo.

Aliyenunua alikuja bila dalali. Ni Bwana Burale, ana duka la vitambaa Eastleigh, alikuja na mkewe Saado. Adoyo akawaonyesha mahali pa ndoo, mimi natamani ardhi inimeze. Burale akacheka, akamwambia, "Haya, nionyeshe na mengine." Akazungushwa nyumba nzima, mpaka bomba linalovuja na kigae Ooko alichokivunja kwa nyundo. Baadaye alituambia anapenda kununua mahali ambapo ameambiwa kila kitu. Tukakubaliana tuhame mwisho wa Januari, maana kufikia hapo nyumba ya Joska ingekuwa tayari.

Sasa sikia ndugu yako alivyotuponza.

Nyumba ya Joska ilikuwa nyumba tu. Vyumba vitatu, jikoni, choo ndani, basi. Ni watu wangapi wa kwenu wamejenga Joska, Kamulu na Ruai bila kumuuliza mtu yeyote kule nyumbani Ugunja? Wakubwa wamejenga, wadogo wamejenga, hakuna aliyezuiwa, kwa sababu kila mtu anajua nyumba ya mjini ni ya mjini, na dala, lile boma lenyewe la mila, liko nyumbani. Hata mimi binti wa Vihiga niliyeolewa kwenu najua hilo. Lakini Willis! Siku ya kuchimba msingi akataka kumfurahisha baba yenu. Akamtumia nauli, Mzee akaja, na hakuja mikono mitupu. Alishuka na jogoo kwapani na shoka kwenye gunia.

Nilipoliona shoka nilipaswa kusema kitu. Nilinyamaza, kwa heshima. Mzee akatangulia, Willis akabebeshwa shoka, Ooko akabebeshwa jogoo, mimi nikapewa karai la makaa ya moto. Tukaingia kiwanjani kwa mstari kama familia inayofungua boma jipya, na kumbe ndicho hasa tulichokuwa tunafanya. Nzuki, fundi wetu, Mkamba wa watu, alisimama na koleo lake akitutazama tu. Mzee akachagua mahali pa mlango, akaomba. Ilipendeza, sikatai, machozi yalinilengalenga. Hata nilipiga picha. Wewe uliipata ile picha, ukaijibu kwa kidole gumba.

Kuta zilipofika juu ya madirisha, na mabati yameshaletwa, Mzee akapiga simu. Paa lisiezekwe. Ati pale sasa si nyumba tena, ni boma, limefunguliwa kwa jogoo, shoka na moto, na kwa mila mdogo hamalizi boma lake kabla ya mkubwa kujenga. Na mkubwa ni wewe, Shemeji, ambaye hujasimamisha hata nguzo moja, si Ugunja wala popote. Gordon aje kwanza, akasema, asimamishe chake nyumbani, hata kama ni chumba kimoja cha mabati, alale humo, ndipo Willis aezeke. Willis akajibu, "Sawa, Baba." Sawa, Baba! Akakata simu, akaniangalia, nikamwangalia. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na Mungu ndiye aliyenizuia.

Usidhani sijamwelewa mume wangu. Hasemi, lakini najua anachoogopa. Tukiezeka kwa nguvu, halafu mtoto apate homa tu, homa ya kawaida, ukoo mzima utasema ni kwa sababu ya lile paa, na yeye mwenyewe ataamini. Kwa hivyo amekaa. Kuta zimekaa. Mabati yamekaa chini ya turubali, na Nzuki kila akiniona anainua mikono kuniuliza, Mama Ooko, vipi?

Na wewe uliambiwa yote haya. Ulisema utakuja Krismasi. Tukakupikia, kiti chako kikakaa kitupu, Mzee akakataa mtu yeyote asikikalie. Ukasema Januari, tiketi zikishuka. Januari ikapita kimya. Sasa unasema Pasaka. Mdomo wako, Shemeji, unasafiri sana kuliko miguu yako.

Sisi tulishatoa funguo. Burale alipoona hatuna pa kwenda akatuachia chumba hiki cha nyuma, kile tulichokuwa tunampangishia mwanafunzi, na kodi amekataa kupokea. Tunalala wanne humu na masanduku yamefika darini. Ooko anafanya kazi za shule juu ya ndoo iliyopinduliwa. Adoyo bado haelewi mambo ya kuuza. Kila akitoka shule anapita mlango wa jikoni moja kwa moja, anafungua friji ya Saado na kuchukua maji, halafu anauliza nani amehamisha kikombe chake. Saado wala hakasiriki. Sasa hivi ni Ramadhani, na jioni anamletea sambusa kabla hata watu wake hawajafuturu. Mimi nasimama mlangoni na "asante" yangu, uso hauna pa kuwekwa.

Na jogoo tunaye! Willis anaogopa kumchinja na anaogopa kumwacha Joska, ati ni jogoo wa boma. Tumemfunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo, chini ya dirisha la chumba cha kulala cha watu waliotusitiri. Nilikwenda kuomba radhi. Saado akasema tangu mwezi uanze hajachelewa daku hata siku moja.

Lakini wema nao una mwisho wake. Mama yake Burale anatoka Garissa kuja kukaa nao, ngazi zimeishinda miguu yake kule anakoishi, na chumba alichonunuliwa yeye ni hiki. Majuzi Burale alisimama hapa uani, akizungusha tasbihi yake, akaanza, "Mama Ooko, baada ya Idd..." Akashindwa kumaliza. Ingekuwa afadhali anifokee. Nilimwambia ajue baada ya Idd tumeondoka, na hapo nilikuwa sijui tunaondoka kwenda wapi. Mvua ndiyo hiyo, wingu limeshaanza kujikusanya.

Basi wiki iliyopita yakanifika shingoni. Nikawachukua watoto nikaenda Ugunja. Willis nilimwambia naenda kumsalimu Mzee. Uongo. Nilikwenda kugombana naye, mimi mke wa mwanawe, bila hofu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka nimuulize ni mila gani inayolaza wajukuu wake juu ya masanduku.

Tulimkuta karibu na lango, upande ule wa mtoto mkubwa, ameinama analima. Nilidhani ni mboga. Hapakuwa na mboga, Shemeji. Alikuwa ametifua mahali pa nyumba, pamesawazishwa vizuri, na pembeni fito zimekatwa na kupangwa, zile za zamani zimeshaanza kuliwa na mchwa na mpya zimewekwa juu yake. Macho yake yameingia ukungu, alitutambua kwa sauti. Kabla sijafungua mdomo wangu, Adoyo akafungua wake.

"Babu, kwa nini hutaki tuwe na paa?"

Mzee akaliacha jembe. "Paa nalitaka, mama. Hata kesho."

"Sasa?"

"Mkishaezeka, baba yako mkubwa nitamwita na nini? Nimemwita kwa simu, hakuja. Nimemwita nikiwa mgonjwa, hakuja. Nimebaki na nyumba ya mdogo wake tu ya kumwitia."

Nikachukua jembe nikamsaidia kulima mahali pako. Mimi, niliyekwenda kugombana! Tulilima mpaka jua likawa kali, hakuna aliyetaja paa tena. Lakini nisikudanganye kwamba hasira iliisha. Ilimtoka Mzee, ikahama, na sasa imehamia kwako yote.

Ulikuja kumzika Mama, Ooko akiwa bado tumboni mwangu, ukaondoka nguo zako zikiwa zingali mbichi kwenye kamba. Tangu hapo hatujakuona. Watoto wangu hawajakuona kabisa. Kinachokushika huko ni nini? Kama ni karatasi za kukaa, sema, hakuna atakayekucheka. Kama ni aibu ya kurudi mikono mitupu, nani amekuuliza umeleta nini? Fito ameshakata, ardhi ameshasawazisha, baba yako haoni vizuri na bado analima mahali pa kukulaza! Hataki kitu chako. Wewe unamlisha ahadi, Pasaka kwa Krismasi, na kila ahadi inawalaza watoto wangu humu. Haki ya Mungu, hilo linaniuma. Nasema kwa sababu wewe ni ndugu, mtu baki nisingepoteza wino wangu kwake.

Sasa sikiliza uamuzi wangu. Willis bado hajaujua, nitamwambia leo, na apige kelele anavyotaka. Nzuki anaezeka Jumamosi ile baada ya Idd. Nimeshaongea naye. Sitaki kumvunja moyo Mzee, namheshimu kama baba yangu mzazi. Lakini watoto wangu hawatanyeshewa kwa sababu mtu mzima Leeds ameshindwa kusema ndiyo au hapana. Kama unakuja, panda ndege, tutakupokea kwa vigelegele na jogoo huyo huyo utamla wewe. Kama huji, mpigie baba yako, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba huji. Usimtaje Pasaka. Usinitume mimi, wala usimtume Willis. Alie mara moja, amalize, aache kukata fito.

Willis anakusalimu, na hata kama yeye haniungi mkono, anakukumbuka sana, jana alivaa lile koti lako la ngozi. Ooko anakusalimu na anaomba umtumie picha ya theluji. Saado na Burale wanakusalimu ingawa hawakujui, maana wamekusikia ukitajwa kupitia ukutani. Nisalimie Kathini pia, umpe chai kabla hajaondoka. Na Adoyo amenisimamia hapa begani, anataka niandike kwamba Baba Mkubwa akija asilete peremende, alete ngazi.

Mungu akulinde huko uliko, akuponye mgongo, na akupe ujasiri wa kushika simu. Ugunja ni mbali na Joska, lakini habari za nyundo zitafika siku hiyo hiyo. Usimwache baba yako asikie habari za nyundo kabla hajasikia sauti yako.

Akupendaye hata akiwa amekasirika,
Shemeji yako,
Jacklyne Ayuma, Mama Ooko.