Fundi wa Jumanne

3 Machi

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanikimbiza. Siku hizi nakaa na watu wanaotumia programu yetu ya simu, ile ya kuomba miadi kwa daktari. Nawahoji, nione wanakwama wapi. Sharti moja: usishike simu ya mtu. Akikwama unamuuliza, "Ulitarajia nini?" halafu unanyamaza.

Kila Jumanne niko kwa mama mmoja fundi cherehani. Huyo mama ni dhahabu. Alibonyeza "Rudi" akidhani anaomba kurudi kwa daktari, kumbe ukurasa unarudi nyuma, ombi lote likapotea. Ofisini wamepiga makofi. Ananiita mwanangu.

Mwanao

9 Machi

Marahaba. Goti ni lile lile, ila sasa nina ugonjwa mwingine, wivu, wala sioni haya kuusema.

Hiyo "Rudi" niliibonyeza mimi kabla ya fundi wako. Ulikuwa umeketi hapa hapa kwenye kochi. Nikakwambia nataka kurudi kwa daktari, simu inanirudisha nilikotoka. Ukacheka, ukaninyang'anya: "Lete hapa, Mama." Hukuniuliza nilitarajia nini. Leo fundi kasema hivyo hivyo, anapigiwa makofi. Na kama wewe ni mwanawe, mwulize alikuzaa wodi ipi.

Mama yako mzazi

14 Machi

Shikamoo, Mama. Nisamehe. Ningekuhoji na wewe, lakini ofisini haturuhusiwi kuhoji ndugu. Wanasema ndugu hutujibu ya kutufurahisha tu.

Mwanao

2 Aprili

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Hata simu hupokei. Fundi ameniuliza, "Mama yako hajambo?" nikamjibu hajambo, nami sijui. Jumanne ijayo nimemwomba udhuru.

"Rudi" tumeiondoa, sasa pameandikwa "Ukurasa uliopita". Nataka kuja, si kwa kazi. Simu yako sitaigusa. Niambie tu kama nije.

Mwanao

5 Aprili

Marahaba, mwanangu. Mimi nikufurahishe wewe, lini? Waambie ofisini kwenu hawanijui.

Nilikuwa nimenuna, goti halina kosa. Fundi msalimie, ila asizoee. Ukija keti pale pale kwenye kochi, na hiyo mikono yako uikalie. Nikikwama uniulize, halafu unyamaze kama unavyomnyamazia yeye. Nina mengi.

Na kwa kuwa kwenye simu mmelifuta lile neno, nakuandikia hapa mwenyewe: Rudi.

Mama